Maboksi 150 ya Idi: karatasi haikuwa na kosa

Oda ilikuwa ya kawaida: maboksi 150 ya kugawia wageni siku ya Idi el-Fitri, mwisho wa Machi 2025. Ndani ya kila boksi kashata mbili za nazi, tende tatu na kipande cha halua. Boksi likae kiganjani, chini manila ya kijani, kifuniko cha kadi ya dhahabu inayong'aa, juu utepe. Kikundi cha wanawake wa Tanga kilichoichukua kilikuwa kimezoea mapambo ya harusi na kadi za mwaliko, na kilikuwa na wiki tatu mkononi.

Arobaini ya kwanza yalitengenezwa kwa siku mbili, na zaidi ya nusu hayakufaa. Vifuniko viligoma kuingia, na vilivyolazimishwa vikapasua kona. Mikunjo ya kadi ya dhahabu ikatoa mistari myeupe. Kona nyingine zilishika jioni, asubuhi zikakutwa zimeachia. Yaliyopona yakajaribiwa na halua usiku kucha, yakaamka na doa la mafuta chini, mviringo kama sarafu. Hukumu ikatolewa papo hapo: karatasi mbovu, zitafutwe za bei kubwa.

Karatasi zile zile ndizo zilizomaliza kazi. Kilichobadilika ni vipimo, namna ya kukunja, mahali pa kupaka gundi, na nini kinaingia kwenye boksi saa ngapi.

Kifuniko

Kifuniko kilikatwa kwa sentimita 9.1 ili kifunike boksi la sentimita 9. Kwa hesabu ya daftarini kinatosha, maana kuna milimita nzima ya nafasi. Lakini vipimo hivyo ni vya mstari hadi mstari, karatasi ikiwa imelala. Ikisimama mambo ni mengine. Manila ya gramu 220 kwa mita ya mraba ina unene unaokaribia theluthi ya milimita, na unene huo unajitokeza kila upande wa boksi. Mkunjo nao hauwi mkali kama ukingo wa kioo, unatuna kidogo. Ukija kwenye kifuniko, unene wa kadi yake unapunguza nafasi ya ndani. Ile milimita moja imeshaliwa kabla gundi haijafunguliwa.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililowachanganya. Vifuniko vingine viliingia vizuri, ukivigeuza robo mzunguko vinakataa. Sababu ni masikio, yaani vile vipande vya kona vinavyopakwa gundi kushikisha ukuta na ukuta. Masikio yote manne yalikuwa yameachwa kwenye kuta mbili zinazotazamana, kwa hiyo kuta mbili nyingine zilipandishwa juu ya masikio hayo kwa kila kona. Upande huo wa boksi ukawa mpana kuliko mwenzake kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa macho boksi ni la mraba, kwa kifuniko si la mraba. Dawa yake ni kukata masikio kwa mzunguko: kila ukuta uwe na sikio moja tu, na yote yaelekee upande mmoja kama mapanga ya feni. Hapo unene unagawanyika sawa na kifuniko kinaingia vyovyote kitakavyogeuzwa.

Kila sikio lipunguzwe milimita mbili juu na chini, likatwe mshazari. Sikio lisilopunguzwa linachomoza juu ya ukuta au linagota sakafu ya boksi, na kona haifungi hata uibane vipi.

Nafasi iliyofaa ni milimita mbili: boksi 9.0, kifuniko 9.2. Kwa karatasi ya gramu 300 na kuendelea weka tatu. Kabla ya kukata kifuniko cha pili, tengeneza boksi moja kamili ulijaribu. Weka kifuniko juu ya boksi tupu, uache mkono. Kishuke chenyewe taratibu kwa uzito wake. Kikidondoka mara moja ni kikubwa. Kikikaa juu kikisubiri kusukumwa ni kidogo, na siku ya mvua hakitaingia kabisa kwa sababu karatasi hutanuka ikivuta unyevu. Idi ile ilikuwa inaangukia mwanzoni mwa masika.

Kukata bila kupoteza

Boksi la 9 kwa 9 lenye kimo cha sentimita 4 linahitaji mraba wa 17 (9 na 4 na 4). Manila ya A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1. Upande mrefu unaingiza miraba minne na kubakiza zaidi ya sentimita 16, kasoro kidogo tu upate wa tano. Upande mfupi unaingiza mitatu. Jumla 12 kwa karatasi.

Shusha kimo kiwe 3.8. Mraba unakuwa 16.6, mitano inaingia kwenye 83.0, na karatasi moja inatoa maboksi 15. Milimita mbili za kimo ambazo hakuna mgeni atakayeziona. Kwa maboksi 165 (150 ya oda na 15 ya akiba, maana lazima mengine yaharibike) unatumia karatasi 11 badala ya 14.

Kifuniko nacho kilipangwa na kimo cha sentimita 2. Kadi ya dhahabu ilikuwa ya sentimita 50 kwa 70, ikitoa vifuniko 15. Kwa kimo cha 1.5 mraba unakuwa 12.2 na karatasi moja inatoa 20: manne kwa upana, matano kwa urefu. Karatasi 9 zikatosha pale zilipohitajika 11. Wapo wanaopenda kifuniko kirefu kinachoshuka karibu na kitako, na ni kizuri kweli, ila boksi linalofungwa utepe halikihitaji. Kinachozuia kifuniko ni utepe.

Tahadhari moja: pima karatasi yako kabla ya hesabu hizi. Si kila manila inayoitwa A1 steshenari ni A1 kamili, na kingo za dukani mara nyingi hazikukatwa kwa pembe mraba. Anza kwa kunyoosha kingo mbili kwa rula ya chuma na ile pembetatu ya mkebe wa jiometri, kisha pima zote kutokea hapo. Ukipima kila mraba kutokea mwisho wa mraba uliotangulia, kosa la nusu milimita linarithiwa, na kufika wa tano ni milimita mbili na ushee.

Ukanda wa 9.6 uliobaki kando ya kila manila usitupwe. Ukikatwa vipande vya 8.8 kwa 3.3 unatoa vizuizi 25 vya kutenganisha halua na kashata. Karatasi 11 zinatoa 275, na mahitaji ni 165.

Mkunjo

Chukua kadi ya dhahabu iliyokunjwa kwa vidole tu, ielekeze dirishani. Juu ya mkunjo utaona mstari wenye meno meno, mweupe, kama chaki iliyokokotwa juu ya ukuta wenye mchanga. Pale rangi imevunjika. Kadi ya aina hii ina rangi juu tu, tumbo lake ni jeupe. Manila imetiwa rangi mpaka ndani, ndiyo maana hata ikipasuka haikushitaki.

Karatasi ya kiwandani ina mlalo wa nyuzi: nyuzi nyingi zimelala upande mmoja, ule karatasi ilikokimbilia mashineni. Mkunjo unaokwenda sambamba na nyuzi hukaa vizuri, unaozikata nyuzi hupasuka. Kuujua mlalo, pinda karatasi nzima polepole bila kuikunja, kwanza upande huu, kisha ule. Upande unaopindika kwa urahisi, mstari wa mpindo ndio mlalo. Ukiwa na shaka, lowesha uso mmoja wa kipande kidogo cha mraba. Kitajiviringa kama mkeka, na nyuzi zimelala kufuata urefu wa ule mviringo.

Kwa boksi la mraba kujua mlalo hakukuepushi, kwa sababu mikunjo inakwenda pande zote mbili, na nusu yake lazima ikate nyuzi. Hapo ndipo mfereji unapokuja, yaani mstari uliobonyezwa kwenye karatasi bila kuikata. Kikundi kilikuwa kinachora mstari kwa penseli na kukunja. Wengine wakaona heri wapitishe kisu juu juu ili karatasi ilegee. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza: kisu kinakata nyuzi zinazobeba ukuta, na boksi likifunguliwa mara tatu nne ukuta unabaki mkononi.

Mfereji unachorwa kwa kitu butu. Kalamu ya wino iliyokwisha inatosha, mradi ujaribu kwanza kwenye gazeti kuhakikisha imekwisha kweli. Weka karatasi juu ya kadibodi au magazeti manne matano ili iwe na pa kuzamia, kwani juu ya meza ngumu mfereji hauingii. Bana rula ya chuma, pitisha kalamu mara mbili kwa nguvu ya wastani. Chora upande utakaokuwa nje ya boksi, kisha kunja kuukimbia mfereji, ule mwinuko mdogo ulioota upande wa pili uingie ndani ya kona. Wengi hukunja kinyume kwa kuwa mkono unaona mfereji unaita, na hapo uso wa nje ndio unaovutwa mpaka uvunjike. Malizia kwa kusugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko, ukiweka karatasi nyepesi juu ya kadi ya dhahabu isichubuke.

Kwa maboksi 165 hakuna haja ya kupima kila moja. Kata kiolezo cha kadibodi ngumu, toboa tundu dogo pale mistari inapokutana, na upitishe sindano kuweka alama nne kwenye kila mraba. Rula inaungana na alama, basi. Mfereji wote uchorwe kabla ya kukata masikio, maana karatasi nzima haisogei ovyo chini ya rula.

Gundi

Gundi ilikuwa nyeupe ya maji, ile inayouzwa pia kwa maseremala. Ni chaguo zuri, na iliachia kwa sababu mbili. Kwanza ilipakwa nyingi. Maji ya gundi yanaingia kwenye karatasi, karatasi inavimba na kujipinda, na kwa hewa ya Pwani inachelewa kukauka, wakati huo sikio linajivuta taratibu kutoka mahali pake. Pili, kwenye kifuniko sikio linalalia ukuta kwa uso wake wa dhahabu, na uso ule haunywi gundi. Gundi inakaukia juu yake kama ngozi, kisha inabanduka yote.

Sikio la dhahabu likwanguliwe kwa msasa laini, mara mbili tatu, upande unaong'aa tu. Halitaonekana, limefichwa ndani. Gundi ipakwe kwa brashi au kipande cha kadi, tabaka jembamba tu, ianzie katikati ya sikio na isifike ukingoni. Bana kwa kibanio cha nguo dakika kumi. Vibanio 40 vinatosha kikundi: boksi lina kona nne, kwa hiyo maboksi kumi yanabanwa kwa pamoja, na la kumi likifika la kwanza limeshaiva.

Mengine yaliyopendekezwa yalikataliwa. Gundi ya unga wa ngano, ile ya kubandikia tiara, inaita mende na kuota ukungu, na hili ni boksi la chakula. Gundi ya moto inashika upesi lakini inalegea ndani ya gari lililoegeshwa juani, tena inaacha nundu inayozuia kifuniko. Selotepu ya pande mbili inafaa kabisa kwa mwenye haraka, gharama tu.

Mafuta na mvuke

Halua ina samli, na manila inaivuta kama utambi. Kubadilisha karatasi ya boksi hakusaidii, kinachotakiwa ni kizuizi kati yake na chakula. Karatasi ya kuokea ikakatwa miraba ya sentimita 15: tisa za sakafu, na tatu za kupanda kila upande. Roli yenye upana wa sentimita 30 inatoa miraba miwili kwa kila sentimita 15, kwa hiyo maboksi 165 yanakula mita 12 na nusu. Halua yenyewe ikawekwa kwanza kwenye kikombe cha karatasi cha keki ndogo. Gazeti lisikaribie, wino wake si wa kuliwa. Na zile chenga za kumeta ambazo mwenye oda alizitaka kwenye kifuniko ziliondolewa kwa sababu hiyo hiyo, kwani zinadondokea kwenye tende na hakuna wa kuziokota.

Kashata ilileta tatizo lake. Inakatwa ikiwa vuguvugu, ndiyo desturi, maana ikipoa kabisa inavunjika. Lakini ikifungiwa na joto lake mvuke unapanda, unakwama chini ya kifuniko, kadi inalegea na kashata yenyewe inanata. Ipozwe mpaka kitako cha sinia kisiwe na joto hata kidogo. Friji si njia ya mkato: ikitoka inatokwa na jasho, tena zaidi ya mvuke.

Utepe

Hapa kosa lilikuwa la hesabu tupu. Walipima mzunguko wa msalaba juu ya boksi lililofungwa, takriban sentimita 53, wakanunua roli nne za yadi 25. Ua la juu likasahauliwa. Ua la kawaida linakula sentimita 30, kwa hiyo kila boksi ni 83, na roli ya mita 22.9 inafunga maboksi 27 tu. Kwa oda ya 150 zilihitajika roli sita. Badala ya kurudi dukani walifunga mzunguko mmoja badala ya msalaba: sentimita 27 na ua 30, jumla 57, roli inafunga 40, na zile nne zikatosha. Utepe wa nailoni ukatwe mshazari na ncha ipitishwe pembeni ya mwali wa mshumaa isichambuke.

Tarehe isiyojulikana

Mwenye oda alitaka lebo zenye tarehe ya siku yenyewe, na kikundi kilikataa, kwa haki. Mwezi ukiandama usiku wa kuamkia 30 Ramadhani, Idi ni kesho yake; usipoonekana, siku 30 zinakamilishwa. Lebo ikaandikwa "Idi Mubarak 1446" na kuishia hapo.

Jambo hilo hilo linapanga kazi nzima. Miraba iliyokatwa na kuchorwa mifereji ilibaki bapa mpaka wiki ya mwisho. Mia na sitini na tano zikipangwa juu kwa juu ni takriban sentimita tano, zinakaa chini ya kitabu kizito, ndani ya mfuko mkavu. Gundi ikapakwa siku nne kabla, ili harufu na maji yake vitoke. Tende na karatasi za ndani zikaingia jioni ya 28 Ramadhani. Halua na kashata zilisubiri tangazo la mwezi. Kashata ilikuwa imeshapikwa na kupoa, ilibaki kupanga tu, watu wanne kwenye meza moja: wa kashata, wa halua, wa kifuniko, wa utepe.

Maboksi 150 ya oda yangeingia yote kwenye katoni moja ya sentimita 48 kwa 38 yenye kina cha 33, matano kwa manne, safu nane. Yasipakiwe hivyo. Boksi lililojaa lina uzito unaokaribia gramu 150, na la chini kabisa lingebeba takriban kilo moja usiku kucha kwenye hewa yenye unyevu. Zilitumika katoni mbili, safu nne kila moja, na kadibodi kati ya safu na safu.

Usiku huo wa mwezi wageni wakaongezeka, watoto karibu ishirini. Akiba ya maboksi 15 haikutosha na gundi isingekauka. Kwa hali kama hiyo kuna boksi la Kijapani la kukunja, masu, lisilohitaji gundi wala mkasi. Karatasi iwe nyepesi, gramu 80 hadi 120, manila haifai. A4 ikikatwa mraba wa 21 inatoa boksi la sentimita 7.4 lenye kimo cha 3.7. Pata kitovu, leta pembe nne kitovuni, kisha leta kingo mbili kitovuni na uzifungue, halafu nyingine mbili vivyo hivyo. Fungua pembe mbili zinazotazamana, simamisha kuta mbili zenye pembe zisizofunguliwa, na zile pembe zilizofunguliwa zipande kuwa kuta mbili zilizobaki na kulala ndani. Kitako kikatwe mraba wa 20.5, kifuniko 21. Tofauti hiyo ya milimita tano inakuwa chini kidogo ya mbili boksi likishasimama, ile ile nafasi ya vifuniko vya dhahabu. Watoto walipewa tende na kashata, bila halua, kwa kuwa roli ya karatasi ya kuokea ilikuwa imebaki na mirija tu.